Juu ni Stoo

Wifi yangu alianza chuo akiwa na watoto watatu, mume mmoja, na mimi. Najihesabu kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshahamia kwa kaka yangu, au tuseme nilikuwa napita tu, maana ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, nikaja kwa kaka kupumzika wiki mbili tatu. Wiki zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka. Nililala nyuma ya duka lake la ushonaji, kwenye kijichumba ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea majora ya vitambaa, pazia likinitenga na vyerehani. Mchana nilikunja pindo na kushona vifungo. Mtu akiniuliza, "Unakaa wapi siku hizi?" nilimwambia, "Sijatulia bado, napita tu hapa kwa kaka."

Kabla ya chuo wifi alikuwa akiuza tiketi kituo cha mabasi. Wenzake waliuza tiketi, yeye aliuza tiketi na kuhoji. Mtu akiinamia kile kitundu cha dirisha na kutaja mji anaokwenda, wifi humwuliza, "Mbona kila Jumatatu mnakwenda wengi huko, kuna nini?" Au, "Mji ule una reli, una barabara, mbona haukui?" Abiria akianza kueleza, foleni inarefuka, na msimamizi anakuja juu kama moto wa mabua. Jioni tukawa tunaletewa habari zote mezani: mji gani unavuta watu, upi unawafukuza, na sababu anazozishuku. Siku moja kaka akamwambia, "Mke wangu, hayo maswali yako kuna watu kazi yao ni kuyauliza. Waachie." Alikuwa anatania. Wifi hakutania. Alikwenda kuwatafuta hao watu, akawakuta chuoni wanafundisha jiografia ya watu na miji, akajiandikisha. Tangu siku hiyo kaka akawa mwangalifu sana na utani wake.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, vijana wakamwita Shangazi. Nyumbani mimi nilimwita Profesa, na haikuwa heshima. Wifi na wifi bwana, mnatarajia nini? Hakupika tena bila kufundisha. Akimenya viazi anaeleza kwa nini maduka ya viatu yanajipanga mtaa mmoja ilhali wenyewe ni washindani. Akikaanga vitunguu anaeleza kwa nini mpaka wa kata yetu unapinda pale kwenye reli, kwamba aliyeuchora hakuwahi kufika, alifuata tu kitu kilichoonekana vizuri kwenye karatasi. "Mpaka unaanza kwa penseli," alikuwa akisema, kijiko mkononi. "Ukishakaa, unakuwa shule, unakuwa maji, unakuwa kura." Mimi namwambia, "Sawa Profesa, lakini sogeza mpaka wako, umekalia gauni la mteja." Naye anasogea, anaendelea na somo.

Nikueleze mtaa wenyewe. Ni mtaa wa maduka yaliyobanana: vioo, saa, vitambaa, vipuri vya baiskeli, rangi, misumari. Kati ya duka na duka kuna kilango chembamba, na nyuma ya kilango kuna ngazi. Huko juu ndiko waliko watu. Kuna vitanda, masufuria, mabibi wenye presha na watoto wanaofanya hesabu chini ya taa. Lakini ukiingia mtaani kwetu na karatasi mkononi ukauliza juu kuna nini, kila mtu, kuanzia fundi saa aliye mzee kuliko jengo lake hadi mama wa vioo, atakujibu neno moja bila kupepesa: stoo. Vibali vya majengo yale, tangu yalipojengwa, vinasema biashara tu. Tuliamini kwamba siku halmashauri itakapojua kuna mtu analala juu, tutatolewa na magodoro yetu. Kwa hiyo hata watoto walipoandikishwa shule ya msingi iliyo mwisho wa mtaa, kila mzazi aliandika anwani ya bibi, ya mjomba, ya rafiki, yeyote anayeishi ng'ambo ya reli. Mtoto anashuka ngazi, anatembea kidogo, yuko darasani. Kwenye makaratasi ametoka mbali, masikini.

Ikaja kazi ya mwaka wa pili ya wifi. Halmashauri ilikuwa inapitia upya mipaka ya kata na mpango wa matumizi ya ardhi, ikaomba chuo kiisaidie kuchora ramani ya mji mzima: kila jengo lipakwe rangi kulingana na kinachofanyika ndani yake. Njano ni makazi, nyekundu ni biashara, zambarau ni viwanda, kijani ni uwanja na miti. Wanafunzi waligawanywa mitaa, na mwalimu wao aliweka sharti: mtu asipime mtaa anaokaa, maana mwenyeji haoni tena kwake. Sharti zuri. Wifi akapelekwa upande wa pili wa mji kuhesabu maghala. Mtaani kwetu wakaja vijana wawili wenye mbao za kuandikia na kofia za jua.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mlangoni na vifungo mdomoni. Mmoja akamsalimu kaka vizuri, akamwuliza chini ni nini. "Ushonaji," akasema kaka. "Na juu?" Kaka hata hakuinua macho kwenye cherehani. "Juu ni stoo." Wakati huohuo sauti ya kitinda mimba wake ilikuwa inashuka kwenye ngazi ikilia kwamba dada yake amemnyang'anya kitana. Yule kijana akatazama kilango, akamtazama kaka, akaandika stoo. Mimi nilitema vifungo nikacheka, nikasingizia kikohozi.

Wifi aliiona ramani siku nakala yake iliporudi kutoka halmashauri na kutundikwa ukutani chuoni. Alirudi jioni, hakusalimu. Alisimama katikati ya duka na mkoba wake begani.

"Fundi," alimwambia kaka. Akimwita Fundi, ujue kuna jambo. "Leo nimejitafuta kwenye ramani. Nimeutafuta mtaa wetu, nimeuona. Wote mwekundu, mwanzo mpaka mwisho, kama pilipili. Nimeitafuta nyumba yetu, nimeiona. Chini, ushonaji. Juu, stoo. Sasa naomba uniambie, mimi ni mzigo wa nini?"

Kaka akajaribu kucheka. "Mke wangu, si unajua sisi tunajibu hivyo siku zote?"

"Najua. Hata mimi nimejibu hivyo. Lakini ile si karatasi ya mtu wa kodi. Ile imeshafika halmashauri."

Akatueleza, na nilipomsikiliza nikaona hakuna tena cha kuchekea. Kwa kuwa mtaa wetu hauna mkazi hata mmoja, halmashauri imependekeza ukatwe kutoka kata yetu uingizwe kata jirani, ile ya maghala na viwanda. Na kwa kuwa shule ya mwisho wa mtaa haina mtoto hata mmoja anayetoka karibu, maana wote kwa karatasi wanatoka ng'ambo ya reli, basi watoto waonewe huruma, shule ihamishiwe huko kwao ili wasisumbuke na safari. Pale ilipo pawe maegesho ya malori. Mkutano wa wananchi kutoa maoni ulikuwa umeshapangiwa tarehe, na ungefanyika hapohapo shuleni.

"Huruma," alisema kaka. "Watoto wetu wavuke reli kila asubuhi, kwa huruma."

"Na malori yakipita hapa mlangoni," nikaongeza.

"Basi tuseme ukweli," akasema wifi.

Hapo ndipo nyumba ilipopata nyufa. Kaka hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini jioni ile alipandisha. Akisema tunaishi hapa, mwenye nyumba atamtoa, na akitoka hapa wateja wake wa miaka yote watamtafuta wapi? Cherehani ndiyo inayotulisha, ndiyo inayompeleka yeye wifi chuoni. "Shule utapata nyingine," alisema. "Duka kama hili, kona kama hii, nitapata wapi? Wewe mwenyewe umenifundisha kona inavyovuta wateja!" Wifi naye akamjibu kwamba mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa upande wa wifi, lakini sikusema. Ningesema kama nani? Nilikuwa napita tu.

Asubuhi wifi akaenda kwa majirani, nyumba hadi nyumba, akiomba wamruhusu aandike kwamba wanaishi. Wakamkaribisha vizuri, wakamwambia vizuri pia: hapana. Mama wa vioo alimwambia akiwa amesimama kwenye ngazi zake mwenyewe, nguo za ndani za familia nzima zikining'inia juu ya kichwa chake, "Shoga, mimi siishi hapa." Fundi saa alimsikiliza, akaondoa kile kioo chake cha jichoni, akasema, "Binti, nimekaa kimya tangu hujazaliwa. Nikisema leo, nitaonekana nilikuwa mwongo miaka yote." Na hilo, wifi alikubali, lilikuwa kweli.

Mtu mwingine angekata tamaa. Wifi alirudi akaketi kwenye benchi la wateja, akatazama nje, akasema, "Watu wanakataa. Vitu havikatai." Siku ya pili kulipopambazuka alitoka na glavu za mpira, aproni ya plastiki na lile daftari lake la kazi za nje, akaenda kwenye mapipa.

Mtaani kwetu taka hutolewa asubuhi na kuwekwa kwenye mapipa makubwa yaliyopangwa mbele ya majengo, gari linakuja kuzoa kabla maduka hayajafunguliwa. Wifi alitaka kulitangulia gari. Na alinivuta mimi. "Wifi, njoo unishikie mwavuli," alisema, na mvua haikuwepo. Nilipouliza mwavuli wa nini, akasema ni wa kujifunika nikiona aibu. Nilijifunika sana.

Basi tukapita pipa kwa pipa, yeye anafungua, anachungulia, anaandika. Na alifundisha, hata hapo. "Angalia," ananiambia, pua nimeibana. "Duka linatupa maboksi, kamba, plastiki za kufungia mizigo. Nyumba inatupa maganda. Hili pipa la vipuri vya baiskeli, kwa nini lina maganda ya mayai? Baiskeli inataga?" Mbele ya fundi saa tukakuta nepi. "Huyu mzee ana saa ndogo kweli," akasema wifi, na mimi nilicheka mpaka mwavuli ukanitoka. Kila alipokuta maganda ya chakula, majivu ya mkaa, nepi, dawa za meno zilizokamuliwa mpaka basi, alitia alama ya njano kwenye jengo lile. Hakuandika jina la mtu. Taka hazina jina, alisema, na hakuna atakayesema amemchongea.

Tulipofika kwenye pipa letu akakuta kitu. Kulikuwa na vipande vya kitambaa vya dukani vimekunjwa vizuri, na ndani yake maganda ya machungwa. Alikifunua kimoja, akakifunika tena, akaandika. Mimi nikaanza kuangalia mawingu. Machungwa yalikuwa yangu. Nilizoea kununua mawili matatu na kuyala peke yangu nyuma ya pazia, na maganda nikayafunga ili nisionekane nimeanza kujinunulia vyakula vyangu, kama mtu aliyehamia. Wifi akafunika pipa, tukaenda jingine.

Mtaa ulisema, usidhani haukusema. Mke wa muuza rangi alimwuliza kaka, "Fundi, mkeo kapatwa na nini? Chuo ndicho kinamfundisha kuchakura?" Kaka alijikaza kisabuni akajibu kwamba ni utafiti, lakini aliporudi ndani alishona mfuko kwenye mgongo wa shati. Mimi ndiye niliyeufumua. Wifi akaendelea kila asubuhi mpaka akawa na hakika kwamba hakubahatisha, kisha akachora ramani mpya, akaipeleka kwa mwalimu wake. Mwalimu aliitazama kwa muda, akamwambia sharti lake la kutopima mtaa wako lina tundu, na kwamba atakuja mwenyewe kwenye mkutano.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mbele alikaa diwani, na pembeni yake afisa mipango miji wa halmashauri, bwana mwembamba mwenye miwani, mpole, aliyetundika ile ramani nyekundu ubaoni na kuanza kueleza kwa adabu kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa ramani, akaiamini.

"Kama mnavyoona," alisema, "mtaa huu hauna wakazi."

Chumba kilikuwa kimejaa. Wengine walisimama dirishani. Watu wote wale, na kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Kina mama walikuwa na watoto migongoni waliotoka kuwaogesha juu, na kwa karatasi hakuna aliyeishi pale. Nilifikiri, hivi ndivyo shule inavyokwenda, tumekaa ndani yake tunaiangalia ikiondoka.

Wifi akanyanyuka. Alivaa lile gauni la bluu ambalo kaka alimshonea siku alipopata nafasi ya chuo. Akaomba ruhusa, akatundika ramani yake pembeni ya ile nyingine, akaeleza habari ya mapipa bila kuona haya na bila kupunguza kitu, nepi na yote. Hapa njano, hapa njano, hapa njano. Mwalimu wake alikuwa nyuma anatikisa kichwa kukubali.

Afisa alimsikiliza vizuri, kisha akasema jambo la haki. "Mama, kazi yako ni nzuri. Lakini taka mtu anaweza kuzileta kutoka popote. Mimi siwezi kuandika kwamba maganda yanaishi hapa. Nitajie nyumba moja, moja tu, yenye mtu anayelala humo."

Wifi hakuangalia majirani. Namshukuru mpaka leo kwa hilo, maana angegeuza shingo kidogo tu, watu wangeyeyuka. Alichukua kalamu ya njano kwenye mkoba, akaenda kwenye ramani ya halmashauri, ile yenyewe, akaitafuta nyumba yetu kwa kidole na kuipaka.

"Mimi nalala hapa," alisema. "Ghorofa ya juu, dirisha lenye pazia la kijani."

Afisa akafungua makaratasi yake. "Hapa imeandikwa juu ni stoo. Mwenye duka yupo?"

Kaka alikuwa amekaa dawati la mwisho kabisa, kajikunja kama herufi C. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini aliyepo anaweza kulipoteza vilevile kwa kunyamaza, na kaka alikuwa bingwa wa kunyamaza. Alisimama polepole, dawati likatoa mlio.

"Nipo, mheshimiwa."

"Fundi, juu ya duka lako kuna nini?"

"Stoo," akasema kaka.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wifi alibaki na kalamu mkononi, hakugeuka, lakini nilimwona mabega yakishuka.

"Stoo ya nini?" akauliza afisa.

"Ya mke, mheshimiwa," akasema kaka. "Huyo hapo mbele yako. Na watoto watatu. Nimewahifadhi vizuri, hawajapata hata unyevu."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mtu mmoja akapasuka, na kicheko kikashika chumba kama moto. Fundi saa, ambaye sijawahi kumwona akicheka, akainuka kwa kushika bega la jirani, akasema, "Na mimi nina stoo, bwana mkubwa. Ya wajukuu. Imejaa mpaka mlangoni." Mama wa vioo akadakia, "Mimi yangu ina mama mkwe, na huyo hahamishiki kwa lori wala kwa winchi!" Watu wakavunjika mbavu. Muuza rangi anayo ya mashemeji wawili. Mtu dirishani akapiga kelele kwamba wale watoto wa ng'ambo ya reli wote wako ghorofani wanasubiri chakula. Hata diwani alikuwa anajifuta macho. Miaka ya uongo, na ilitoka kwa urahisi hivyo, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuitoa peke yake wala kwa uso wa kukiri.

Afisa alicheka pia, kisha akavaa miwani yake tena. "Mnajua mlichokisema?" aliuliza. "Vibali vya mtaa huu ni vya biashara tu."

Watu wakarudi kuangalia viatu vyao. Na hapo nilijua kwa nini wifi alikwenda chuo, na kwa nini zile jioni zote za viazi na mipaka hazikupotea bure.

"Tunajua," akasema wifi. "Lakini hii shule ilijengwa baada ya vibali hivyo, na iliyoijenga ni halmashauri. Naomba kuuliza, halmashauri ilimjengea nani shule? Stoo?"

Hakuna aliyecheka. Afisa alimtazama, akatazama kuta za darasa, picha za wanyama na herufi.

"Na katika kitabu chenu cha mipango," wifi akaendelea, "kuna rangi nyingine. Mistari ya njano na nyekundu, matumizi mchanganyiko. Biashara chini, watu juu. Hatuombi upendeleo. Tunaomba tupakwe rangi yetu."

Diwani aliandika kitu. Afisa aliomba ile ramani ya mapipa, akaikunja mwenyewe kwa uangalifu, akaondoka nayo.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mtaa ulipimwa upya, safari hii watu wakifungua vilango wenyewe na kuwaonyesha wapimaji hadi vyumba vya kuogea. Wenye nyumba walinung'unika, maana waliamriwa kuweka vishikio kwenye ngazi na mlango wa dharura nyuma, lakini hakuna aliyetolewa. Mpangaji anayejulikana halmashauri, wenye nyumba walikuja kugundua, ndiye anayekaa na kulipa kodi. Mpaka ukabaki pale kwenye reli. Shule ikabaki pale ilipo. Wifi alimaliza chuo, na siku hizi yuko halmashauri, ofisi moja na yule bwana wa miwani, na kila mwaka anawapeleka wanafunzi wapya kwenye mapipa asubuhi. Wanalalamika harufu. Anawaambia walete mwavuli.

Nakala kubwa ya ramani mpya waliitundika shuleni, ukutani, kwenye ukumbi wa kuingilia. Nilikwenda kuiona nilipomfuata kitinda mimba, na wifi alikuwa nami. Mtaa wetu ulikuwa umependeza kweli, mistari ya njano na nyekundu, mwanzo mpaka mwisho. Pembeni walikuwa wamechora kila jengo kama limekatwa katikati, chini na juu. Chini kote nyekundu, juu kote njano. Nikaitafuta nyumba yetu. Juu njano, sawa. Lakini chini, nyuma ya nyekundu ya duka, kulikuwa na kipande kidogo cha njano, kimoja peke yake, hakikuwepo kwenye jengo jingine lolote.

"Wifi," nikamwambia, "hapa wamekosea. Chini ni duka."

"Hawajakosea. Nimekipaka mimi."

"Ni nini?"

"Ni makazi." Alisema bila kunitazama, kwa ile sauti yake ya kazini. "Kuna mtu anakaa hapo. Anakula machungwa peke yake na kuficha maganda kwenye mabaki ya vitambaa. Nimemthibitisha asubuhi nyingi."

Nilitaka kumtania. Badala yake machozi yalinitoka pale mbele ya watoto wanaotoka darasani, na kitinda mimba akaniuliza kama nina mafua.

"Mimi nilikuwa napita tu, wifi," nikasema.

"Basi umepita taratibu," akasema, akanishika mkono tukaenda nyumbani.

Wiki ile alikuja mteja wa zamani kuchukua suruali yake. Akaniona na sindano, akashangaa, "Kumbe bado upo hapa?" Nikamwambia nakaa hapa, nyuma ya cherehani, na kama haamini aende shuleni akaangalie ukutani.